Kabla ya Kupiga, Salimu: Picha, Majina na Historia kutoka Main Street ya Jinja hadi Masese

Utangulizi

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hii tunaifundisha kila mwaka. Wanafunzi wetu huiandika katika mitihani wakapata alama, nasi tunasahihisha tukaridhika. Muhula uliopita tuliiona methali hiyo hiyo ikitusuta mbele ya watu, kando ya Ziwa Victoria, mahali paitwapo Masese. Makala haya yanaeleza ilivyokuwa, na kwa nini tunadhani jambo lenyewe linawahusu walimu na wanafunzi wote wa Kiswahili.

Idara yetu iliandaa matembezi ya siku moja kwa wanafunzi kumi na wanne wa mwaka wa pili. Kila mwanafunzi alitakiwa kupiga picha za watu watatu kwa ridhaa yao, kisha kuandika kwa Kiswahili habari fupi ya kila mmoja. Tulianzia Main Street, katika sehemu kongwe ya mji wa Jinja, tukapita Walukuba na kuishia Masese penye gati la wavuvi. Tuliongozwa na wenyeji wawili. Wa kwanza alikuwa kijana ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni mjini. Wa pili alikuwa fundi mstaafu wa studio, aliyepiga picha miaka mingi hadi simu za mkononi zilipomnyang'anya wateja. Kijana aliyajua majengo, na fundi alizijua nyuso.

Hoja yetu ni moja. Historia ya Jinja imeandikwa zaidi ukutani kuliko usoni. Wenye maduka waliacha majina yao juu ya milango, lakini wengi wa waliobeba pamba, waliofuma nguo na waliovua samaki hawakuacha jina wala picha. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na kamera peke yake, bali na kamera inayotanguliwa na salamu na kufuatwa na maandishi.

Tunapiga nini tunapopiga picha?

Kabla ya kuondoka tuliwapa wanafunzi zoezi dogo la msamiati. Katika Kiswahili tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga magoti na tunapiga picha. Kitenzi hiki kimezoeleka mno hata hatusikii tena kipigo kilichomo. Wanafunzi wetu wa Busoga na Buganda walitukumbusha kwamba kwao pia ni hivyo: husema okukuba ekifaananyi, na okukuba ni kupiga. Ama ekifaananyi, hilo ni neno la kitenzi ambacho sisi tunakiita kufanana. Kwa hiyo jirani zetu hupiga kitu kinachofanana na mtu. Sisi tulilichukua neno picha kutoka Kiingereza, ingawa wazee wa zamani walitumia sanamu kwa picha na kwa kinyago pia.

Mwanafunzi mmoja aliuliza swali zuri: ikiwa mpigaji anapiga, yule mwingine ni nani katika sarufi? Tulijibu kwamba ni mtendwa, yaani anayepigwa picha. Hatukujua kwamba kabla ya jua kuchwa tungelijibu swali hilo upya.

Mji wenye majina ukutani

Jina la Jinja hutokana na jiwe, kwa maana miamba ya mahali Mto Nile unapotoka ziwani. John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko hayo tarehe 28 Julai 1862 na kuyaita Ripon, kana kwamba hayakuwa na wenyewe. Leo hayaonekani. Yalizama baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954.

Mji wenyewe ulikua baada ya mwaka 1901, serikali ya kikoloni ilipohamishia makao yake ya Busoga hapo kutoka Iganga. Mwaka huo huo reli ya Uganda ilifika Kisumu, na meli za ziwani zikaiunganisha Jinja na Mombasa. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali ili kubeba pamba, na mwaka 1931 daraja la reli lilivuka Nile kuelekea Kampala. Kila hatua ilileta watu wapya: makarani, mafundi, wachukuzi, askari na wafanyabiashara.

Wafanyabiashara kutoka Bara Hindi ndio waliojenga sehemu kubwa ya Main Street na barabara jirani. Kijana wetu alitusimamisha upande wa kivuli akatuambia tuangalie juu, si dirishani. Juu ya baraza, kwenye kipaji cha jengo, utaona jina la familia na mwaka wa ujenzi vimechongwa kwa saruji. Wanafunzi waliisoma miaka hiyo kwa sauti, kama mtu anayesoma makaburi. Nao ulinganisho huo haukuwa mbali na ukweli. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Wenye majina yale waliondoka, na majina yakabaki juu ya milango ya watu wengine. Baadhi ya familia zilirudi baadaye kudai mali zao.

Wanafunzi walipiga picha za kwanza hapo barazani: fundi cherehani, muuza magazeti, mama mwenye duka la vitambaa. Wote walikubali kwa urahisi, kwani wamezoea wageni na kamera. Tulidhani somo linakwenda vizuri.

Studio na koti la kuazima

Mbele ya jengo moja ambalo sasa linauza vifaa vya simu, fundi wetu alisimama. Alituambia kwamba hapo palikuwa na studio. Aliturudisha nyuma akaeleza kazi ilivyokuwa: pazia lililochorwa bustani, kigoda, taa mbili, na koti moja jeusi lililotundikwa msumarini. Koti hilo lilikuwa la studio. Kijana wa kiwandani aliyetaka kupeleka picha kwao alilivaa, akapigwa picha, akalivua, na wa pili akalivaa. Filamu ilisafishwa nyuma ya pazia. Picha ilipokauka iligongwa mhuri mgongoni, na jina la mteja na tarehe vikaandikwa kwa kalamu.

Ikumbukwe kwamba studio za namna hii zina historia ndefu Afrika Mashariki. James Grant, mwenzake Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860 kabla ya kuingia bara, ingawa safarini aliiacha kamera akategemea kuchora. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 familia ya Gomes, Wagoa, ilikuwa na studio Unguja. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha hapo Capital Art Studio, na mwaka 1942 N. V. Parekh alifungua studio yake Mombasa, ambako wenyeji walikuja wamevaa nguo zao bora kabisa. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyepamba picha za wateja wake kwa mapambo aliyoyabuni mwenyewe. Katika studio hizi mteja alilipa, na kwa kuwa alilipa, aliamua aonekane vipi.

Kulikuwa na njia nyingine ya kupiga picha iliyokwenda sambamba na hiyo. Kadi nyingi za posta za enzi ya ukoloni zinaonyesha mtu aliyesimama mbele ya nyumba, na chini yake pameandikwa jina la kabila tu. Jina lake yeye halipo. Mpigaji alijua alikotoka mtu huyo, lakini hakumuuliza aitwaye nani.

Uhuru haukulimaliza tatizo hilo. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala lilionyesha picha zilizotoka katika hazina ya Shirika la Utangazaji la Uganda, ambako zilikutwa filamu zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za enzi ya Amin. Wapigapicha wa serikali walimfuata rais kila mahali. Sherehe zimo, hotuba zimo, mikutano imo, lakini mateso ya wananchi kwa kiasi kikubwa hayamo. Kule Gulu nako, studio moja iitwayo Gulu Real Art Studio ilikuwa na desturi ya kumpiga mtu picha moja akiwa ameketi, kisha kuukata uso kwa ajili ya kitambulisho. Mabaki yalikuwa kiwiliwili, nguo na mikono juu ya mapaja, na mahali pa uso pana tundu la mraba. Mpigapicha wa Kiitaliano Martina Bacigalupo aliyakusanya mabaki hayo, na mwaka 2013 yakaonyeshwa New York.

Tuliwaeleza wanafunzi hayo tukiwa bado barazani, kisha tukashika njia ya Walukuba.

Kuelekea Masese

Walukuba ni mtaa wa nyumba za wafanyakazi, uliojengwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Umeme wa Owen Falls ulivuta viwanda, na viwanda vikavuta watu. Waliokuja walitoka Busoga kwenyewe, magharibi mwa Kenya, Nile Magharibi na kwingineko. Mwaka 1955 watafiti Cyril na Rhona Sofer walichapisha kitabu kuhusu mabadiliko hayo ya Jinja, kwa hiyo takwimu za wafanyakazi hao tunazo. Sura zao ndizo adimu.

Watu wa lugha nyingi kiasi hicho walipokutana kwenye mashine moja, Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zilizowaunganisha. Aidha, Jinja ilikuwa na kambi ya jeshi, na jeshini Kiswahili ndicho kilichotumika. Hapo ndipo ulipo ugumu wetu sisi walimu wa lugha hii nchini Uganda. Gavana Gowers alipendekeza mwaka 1927 Kiswahili kitumike shuleni na serikalini, akapingwa vikali. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo yamo katika vitabu. Jambo lisiloandikwa sana ni lile ambalo wazee wengi walilisikia kwenye vizuizi vya barabarani katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, likisemwa kwa Kiswahili na mtu mwenye bunduki.

Masese iko mashariki ya Walukuba, ziwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukanda huu wote wa ziwa ulipigwa na ugonjwa wa malale, ambao inakadiriwa uliua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda. Kati ya 1906 na 1909, chini ya Hesketh Bell, serikali iliwahamisha watu wa ufukweni. Waliorudi na waliohamia baadaye ndio waliounda Masese ya leo: wavuvi, wachuuzi, vibarua wa viwanda vya samaki, familia zilizotoka Karamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa hapo, kwa msaada wa Denmark, walianza kutengeneza vifaa vya ujenzi na kujijengea nyumba. Juu ya milango yao hakuna jina lililochongwa kwa saruji.

Tulifika alasiri. Dagaa walikuwa wameanikwa chini, wale ambao Uganda huitwa mukene na Kenya huitwa omena. Wanafunzi walifurahia mwanga wa ziwani wakatawanyika. Sisi walimu pia tulikuwa na kamera, na hapana budi tukiri kwamba tulikwisha kuwapiga picha kwa mbali wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa, bila kumwomba hata mmoja.

Mwanafunzi wetu mmoja, hodari darasani, alimwona mzee ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akishona wavu. Aliinua simu akapiga. Mzee aliinua kichwa, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Mwanangu, umenipiga kabla ya kunisalimu."

Hakuna aliyesema neno. Mama aliyekuwa akiuza chai karibu naye aliposikia Kiswahili aliingia ndani na kufunga mlango. Baadaye mzee alituambia kwamba mama huyo si mkali, ila lugha hiyo iliwahi kumgongea mlango usiku.

Fundi wetu ndiye aliyetuokoa. Alisogea, akachuchumaa, akamsalimu mzee kwa Kisoga, kodheyo, akamwuliza habari za nyumbani na za ziwa. Hakuitaja picha hata kidogo. Baada ya muda mwanafunzi alisogea naye, akapiga magoti, akasema, "Nisamehe, mzee wangu," akaifuta picha mbele yake.

"Hujaifuta, umeificha," mzee alisema. "Simu hizi nazijua." Kisha akacheka, nasi tukapumua.

Picha ya mwaka 1971

Alitueleza kwamba alijifunza Kiswahili katika kiwanda cha nguo, ambako msimamizi wake alitoka Kenya. Mwaka 1971, akiwa kijana mwenye ndoa changa, alikwenda na mkewe studio mjini wakapigwa picha moja. Alivaa koti la studio. Mwaka uliofuata mwenye studio, Mhindi, alifukuzwa nchini, na filamu zake hakuna aliyejua zilikokwenda. Picha ile moja waliitunza kwa miaka karibu hamsini. Mkewe alifariki, na picha ikabaki. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipopanda kuliko lilivyowahi kupimwa, maji yaliingia nyumba za gatini usiku. Waliokoa godoro na nyavu. Asubuhi alipofungua sanduku alikuta karatasi nyeupe iliyokunjamana.

"Tangu hapo," alisema, "uso wa mke wangu ninao mimi peke yangu."

Tulimwuliza kama angependa kupigwa picha. Hakujibu mara moja. Aliuliza picha itakwenda wapi, nani ataiona, na kama tutamletea nakala. Wageni wengine, alisema, waliahidi wasirudi. Tulipomjibu yote, aliingia ndani akarudi amevaa koti, lake mwenyewe safari hii. Aliketi wima, mikono juu ya magoti. Wanafunzi walimwomba atabasamu. Fundi aliwakataza: "Mwacheni akae anavyotaka kukumbukwa." Mwanafunzi yule yule ndiye aliyempiga picha.

Wiki tatu baadaye tulirudi na nakala iliyosafishwa vizuri, ndani ya bahasha. Mzee aliitazama kwa muda, akaridhika, kisha akaigeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Jina liko wapi?"

Jina lake lilikuwa katika daftari letu, ofisini. Tuliona haya. Tulitoa kalamu, akatuamuru tuandike: jina lake, la baba yake, kijiji alikozaliwa, kazi yake ya ufumaji, mwezi na mwaka. Mwishoni alituomba tuandike na jina la mkewe, ingawa hayumo pichani. Tuliandika. Majina hayo hatuyachapi hapa, kwa sababu ruhusa aliyotupa ni ya picha na ya kitabu cha idara, si ya jarida.

Mama wa chai hakupigwa picha. Alitusalimu siku ile ya pili, kwa Kisoga, na hilo kwetu lilitosha.

Hitimisho

Tulilolipata Masese tunalipendekeza kwa wenzetu watakaotaka kuwatembeza wanafunzi kwa namna hii, iwe Jinja, Mbale au kwingineko.

Kwanza, salamu isifundishwe kama mlango wa kupitia haraka kuelekea somo lenyewe. Wanafunzi wetu walijua salamu kumi na mbili kwa moyo, na siku ya kuzihitaji hakuna iliyotoka. Aidha, katika nchi yetu ni vema salamu ya kwanza iwe ya lugha ya mwenyeji, na Kiswahili kifuate pale kitakapokaribishwa. Hilo haliishushi lugha yetu hadhi. Kiswahili kilichobisha hodi kwa adabu ndicho kitakachofuta kumbukumbu ya kile kilichogonga mlango.

Pili, ruhusa ielezwe yote: picha ya nini, itakaa wapi, nani ataiona. Anayekataa aachwe kwa amani, naye ahesabiwe katika ripoti, maana kukataa nako ni habari.

Tatu, picha irudishwe kwa mwenyewe, na nyuma yake paandikwe. Zoezi la maandishi tuliloliona kuwa la insha sasa tunaliona kuwa nusu ya pili ya picha. Mwanafunzi aandike jina kama mwenyewe anavyolitamka na kazi kama mwenyewe anavyoiita, kisha amsomee alichoandika ili kama pana kosa alisahihishe.

Swali la sarufi tuliloulizwa asubuhi bado tunalo. Katika sentensi, anayepigwa picha ni mtendwa. Kule gatini aliamua lini apigwe, akiwa amevaa nini, akitazama wapi na akiandikwa vipi. Muhula ujao tutawaomba wanafunzi waijadili sentensi hiyo tena, baada ya kurudi Masese na nakala za picha zilizobaki. Zimebaki kumi na moja, na wenyewe wanazisubiri.